Ganzi ya mgongoni: Vidole vya daktari au ultrasaundi?

Mama anayekaribia kujifungua, au mzazi ambaye mtoto wake anasubiri upasuaji mkubwa, akisikia habari ya ganzi ya epidurali huuliza: daktari anajuaje pa kuchoma wakati ndani haoni?

Ganzi hii si ile sindano ya mgongo inayochomwa mara moja kabla ya upasuaji wa uzazi. Hapa daktari wa usingizi huacha mpira mwembamba kwenye nafasi ndogo iliyo nje ya utando unaozunguka mishipa ya fahamu ya mgongo. Dawa ya maumivu hupitishwa humo kwa saa nyingi, hata siku kadhaa.

Njia ya kawaida hutegemea vidole. Daktari hupapasa mifupa ya nyonga na pingili za mgongo, huchagua nafasi kati ya pingili mbili, kisha huingiza sindano taratibu huku akisukuma bomba lenye maji ya chumvi. Mwanzoni bomba hugoma. Sindano ikifika panapotakiwa, ugumu huo huisha ghafla.

Tatizo ni kwamba vidole hukosea kuhesabu pingili. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha makadirio ya madaktari na picha za MRI: walipatia nafasi halisi kwa asilimia 29 tu.

Ultrasaundi, ile ile inayotumika kumtazama mtoto tumboni, huonyesha pingili, mstari wa katikati ya mgongo na umbali ambao sindano itasafiri. Daktari huweka alama kwenye ngozi kabla ya kuchoma. Faida yake huonekana zaidi kwa mgonjwa mnene au mwenye mgongo uliopinda, kwani hupunguza kuchomwa mara kwa mara. Kwa mtoto mchanga picha huwa safi zaidi, kwa sababu mifupa yake haijakomaa.

Hata hivyo, mara nyingi hatua ya mwisho bado huamuliwa na mkono unaosikia ule ugumu ukiisha. Kifaa pia kinahitaji mtu aliyefundishwa kukisoma. Kwa mgongo usio na shida, daktari mzoefu asiye na ultrasaundi hufanya kazi hiyo vizuri. Usikatae ganzi kwa sababu tu kifaa hakipo.

Kilicho muhimu ni kusema mapema. Mweleze daktari kama mgongo umepinda au uliwahi kufanyiwa upasuaji, kama ganzi ilishindikana zamani, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama una jipu mgongoni. Kisha uliza: “Mgongo wangu, au wa mwanangu, unahitaji ultrasaundi?”

Baada ya ganzi, toa taarifa haraka ukiona kichwa kinauma sana ukikaa na kupoa ukilala, homa pamoja na maumivu ya mgongo, mkojo kugoma, au miguu kuzidi kuishiwa nguvu. Dalili hizo hazisubiri kesho.