Msiba wa Unga: Kwa Nini Majonzi Yake Hukawia

Kijana akifa kwa kuzidisha unga, yaani heroini, jambo la kwanza linalojadiliwa nyumbani mara nyingi si saa ya maziko, ni jibu la kuwapa watu. "Aliugua ghafla." "Kifua kilimbana." Katika miji ya pwani yetu, ambako heroini imekuwapo mitaani tangu miaka ya 1980, majirani wengi wanaujua ukweli, ila wanaitikia kwa adabu na mambo yanaishia hapo. Mama anabaki akifarijiwa kwa maradhi ambayo mwanawe hakuwa nayo.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alitoa kitabu kuhusu majonzi yanayonyimwa haki: yale ambayo mfiwa hawezi kuyatamka wazi, kuyalilia mbele za watu wala kusaidiwa na jamii. Kifo cha unga ni mfano wake halisi. Turubai litafungwa, wali utapikwa, hitima itasomwa. Kitakachokosekana ni masimulizi. Kwa kawaida watu wakikaa matangani humzungumzia marehemu: alivyougua, alivyokuwa, maneno yake ya mwisho. Kwa kusimulia hivyo mara kwa mara, mfiwa huanza kuukubali ukweli. Kwenye msiba wa unga watu huzungumzia bei ya sukari, kisha mmoja husema: "Amepumzika, na nyinyi mmepumzika."

Kauli hiyo huuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Familia imeishi miaka ikiogopa simu ya usiku, imeibiwa pasi na mtungi wa gesi, imemlilia mtu akiwa hai. Akifa, ahueni huja, na nyuma yake huja aibu ya kuihisi. Zote mbili ni za kawaida kwa mtu aliyeuguza muda mrefu, wala hazipunguzi mapenzi. Utamkuta mama ambaye arobaini imeshapita, naye bado kila usiku anauburuza mtungi wa gesi hadi chumbani na kufunga mlango kwa kufuli. Si wazimu. Mwili uliokesha kwa miaka hauachi lindo kwa siku moja.

Kisha kuna laiti. Baba anajilaumu kwa kumfukuza. Mama anajilaumu kwa kumpa hela. Nyumba moja, laiti mbili zinazopingana, na kila mmoja kimoyomoyo anamlaumu mwenzake. Hapa kuelewa jinsi kifo chenyewe kinavyotokea husaidia sana. Heroini hupunguza kasi ya sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi. Anayeitumia kila siku mwili wake huizoea, lakini akikaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe jela, hospitalini au soba hausi, uzoefu ule huisha. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi huweza kusimama. Hatari huzidi akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, na hakuna anayejua nguvu ya kete aliyouziwa. Ndiyo maana wengine hufa pale tu familia ilipoanza kufurahi, kijana amerudi na mwili umejaa. Ndugu huhisi wamedanganywa, kumbe huenda alikuwa anajitahidi kweli. Kifo cha namna hii hakitokani na noti moja iliyotolewa au kunyimwa.

Kuna wafiwa wengine wasiohesabiwa: wenzake wa maskani. Wao ndio waliomwona akikoroma, midomo ikibadilika rangi. Walimmwagia maji, walimzaba makofi, pengine wakakimbia kwa kuogopa polisi. Msibani hufukuzwa au husimama mbali. Nao wana majonzi na hatia, na teja mwenye majonzi huweza kuongeza matumizi, tena akiwa peke yake, asiwepo wa kumwokoa.

Familia ifanye nini? Hailazimiki kutangaza chanzo cha kifo mtaa mzima, lakini ndani ya nyumba uwepo ukweli mmoja, na angalau mtu mmoja wa nje aujue. Wadogo zake marehemu waambiwe kwa maneno mepesi kabla hawajayasikia shuleni. Wenzake wakija, wakaribishwe. Wanaweza kuwa na habari ambazo mama anazitamani. Nao wazazi waliobaki na mtoto mwingine anayetumia waulizie kliniki ya methadoni, huduma ambayo Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliianza mwaka 2011, na waulizie naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza ndugu na marafiki wanaoweza kushuhudia tukio hilo wapewe dawa hiyo na wafundishwe kuitumia.

Ikiwa miezi sita imepita na mfiwa bado kila siku hali, halali wala hashiki kazi kwa kumwaza marehemu, apelekwe kwa mshauri nasaha au daktari. Akitamka kwamba anataka kumfuata, apelekwe siku hiyo hiyo.

Na wewe unayekwenda kuhani, usianze na "amepumzika." Mtaje kwa jina lake, kisha muulize mama alikuwa mtoto wa namna gani. Kabla ya unga kulikuwa na miaka mingi, na hakuna aliyemwomba aisimulie.