Maharage, Risasi na Sufuria ya Presha

Butare ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, isichanganywe na ule mji wa Butare ambao siku hizi huitwa Huye. Hii ni sekta ya vilima upande wa msitu wa Nyungwe, na vilima hivyo vina neno lao katika upishi. Ukiwa meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100 hata ukoleze moto namna gani. Kwa chai si kitu. Kwa maharage makavu, chakula cha kila siku cha Mnyarwanda, maana yake ni kuni zaidi na moshi zaidi.

Sufuria ya presha hutatua tatizo hilo kwa kuuzuia mvuke usitoke. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha kifaa cha namna hiyo mwaka 1679. Shinikizo la ndani likifika mara mbili ya lile la hewa ya nje, joto hukaribia nyuzi 115, na maharage ya saa mbili au tatu huiva kwa muda usiozidi saa moja. Ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila joto na mvuke huo vinafanya kazi juu ya metali ya sufuria pia, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini.

Rwanda imefanya juhudi kubwa kutia madini ya chuma ndani ya maharage yenyewe, kwa kuzalisha mbegu bora zilizoanza kutolewa kwa wakulima mwaka 2010. Matokeo ya utafiti uliofanywa Huye kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba waliokula maharage hayo kwa wiki 18 hivi damu yao iliimarika kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Sasa fikiria maharage hayohayo yakipikwa katika sufuria inayotoa risasi, metali yenye sumu. Mwilini risasi hupita njia ileile ya chuma katika utumbo, na mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi nyingi zaidi. Anayeihitaji zaidi lishe ya maharage ndiye anayedhurika zaidi na sufuria mbaya. Ubongo wa mtoto hauna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Risasi huingiaje? Sufuria nyingi za alumini za bei nafuu Afrika husubiwa kutokana na vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta za magari, hata vifaa vya kompyuta. Vyote huyeyushwa pamoja na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Mtafiti Jeffrey Weidenhamer na wenzake walipima vyombo 42 vya namna hii kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo, wakachapisha matokeo mwaka 2017: karibu theluthi moja vilitoa risasi vilipochemshwa na kimiminika chenye asidi. Huko Seattle, Marekani, maofisa wa afya waliokuwa wakitafuta chanzo cha risasi katika damu za watoto wa wakimbizi wa Afghanistan walikuta sufuria za alumini, za presha zikiwamo. Jimbo la Washington likatunga sheria mwaka 2024 ya kubana risasi katika vyombo vya kupikia. Risasi hiyo imo ndani ya metali yenyewe. Kusugua kwa mchanga hakuiondoi.

Alumini safi ya kiwandani ni jambo jingine. Hujivika utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo ndio kinga yake. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju huuyeyusha. Magadi nayo huuyeyusha, jambo ambalo wapishi wengi hawalijui, maana magadi ndiyo hutiwa ili maharage yalainike upesi. Figo zenye afya huitoa alumini nyingi inayoingia mwilini, lakini mgonjwa wa figo hana kinga hiyo.

Kwa hiyo, mwenye uwezo anunue ya chuma kisichoshika kutu, iliyoandikwa 18/8 au 18/10, yenye kitako kinene. Namba hizo ni asilimia za kromiamu na nikeli. Anayewashwa na hereni au saa za nikeli ajihadhari, hasa sufuria ikiwa mpya. Mwenye ya alumini aikague: iwe ya kiwandani, ndani laini, isiyo na vishimo vya mchanga. Hata hivyo macho hayaoni risasi, na nembo pekee haitoshi.

Namna ya kupika nayo inasaidia sana. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, weka maji mapya matupu bila magadi. Usivuke nusu ya sufuria, kwa sababu povu na maganda huziba tundu la mvuke. Yakiiva, hamishia katika chungu cha udongo kisichotiwa rangi, na humo ndimo utie nyanya, chumvi na ndimu. Kiporo kisilale kwenye alumini.

Wanaosubu sufuria za vyuma chakavu nao wanavuta moshi wa risasi kabla mlaji hajaonja chochote. Wakitenga rejeta, betri na vifaa vya kompyuta, wakayeyusha fremu za madirisha na nyaya za alumini zilizochunwa peke yake, watapunguza risasi nyingi kabla moto haujawashwa.