Taa ya Breki Ikiwaka kwenye Pikapu Kuukuu: Unachoweza Kukagua Mwenyewe Nyumbani

Kabla jua halijachomoza, pikapu zinaanza kuingia katika masoko ya Thika na Ruiru zikiwa zimepakia sukuma wiki, maziwa, nanasi na magunia ya viazi. Nyingi si changa: Toyota Hilux za miaka ya tisini, Isuzu KB, Datsun, na mara moja moja Peugeot 504 ambayo bado inabeba mzigo. Gari la aina hii likitunzwa linaweza kumsomeshea mtu watoto. Lakini kuna taa moja nyekundu kwenye dashibodi ambayo wenye magari haya wameizoea kupita kiasi. Ni ile yenye alama ya mshangao ndani ya duara, au iliyoandikwa BRAKE.

Wapo walioibandika utepe mweusi. Wapo waliomwambia fundi achomoe balbu. Kisha gari hilo hilo, likiwa na mzigo, linateremka kutoka upande wa Gatundu asubuhi ya mvua, au linashuka kuelekea daraja la mto Chania pale Blue Post, likiwa nyuma ya matatu inayosimama ghafla kushusha abiria.

Mara nyingi hitilafu yenyewe ni ndogo, na unaweza kuitambua ukiwa uani kwako bila kutoa hata shilingi.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba taa hii ni moja, ila inaitwa na swichi zaidi ya moja. Swichi ya kwanza iko kwenye breki ya mkono. Ya pili iko kwenye chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti, ambamo kuna kielea chenye sumaku. Mafuta yakipungua kielea kinashuka na taa inawaka. Baadhi ya pikapu za dizeli zina swichi ya tatu, inayopima mvuto wa hewa unaosaidia pedali kuwa nyepesi. Kazi yako ni kujua ni ipi kati ya hizo inayoita.

Egesha gari mahali tambarare, uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kwa sababu utakuwa ukiachilia breki ya mkono. Gia iwe huru. Washa injini kabisa, kwani katika magari mengi taa hii huwaka kwa makusudi funguo ikiwa imewashwa na injini haijanguruma, ili ujue balbu ni nzima. Isipowaka hata wakati huo, balbu imekufa au kuna mtu aliichomoa. Ukinunua pikapu ya mtumba, hilo ndilo jambo la kwanza kuangalia.

Injini ikiwa inanguruma, sukuma breki ya mkono hadi mwisho. Pikapu nyingi za zamani zina ile ya kuvuta iliyo chini ya dashibodi, na waya wake ukilegea au ukishika kutu haurudi wote. Kishikio kinaonekana kimerudi kumbe swichi bado imebanwa. Kisukume kwa mkono. Taa ikizima, umepata jibu: waya unahitaji kulainishwa na kurekebishwa, au swichi inahitaji kusogezwa kidogo. Isipozima, chomoa waya mdogo ulio kwenye swichi hiyo. Taa ikizima baada ya kuuchomoa, swichi ndiyo mbovu. Isipozima, rudisha waya na ufungue boneti.

Chupa ya mafuta ya breki iko upande wa dereva, karibu na ukuta unaotenganisha injini na viti. Ni ya plastiki, na ubavuni ina mistari miwili, MAX na MIN. Panguza vumbi kwanza kabla ya kugusa kifuniko. Punje ya mchanga ikiingia humo itaharibu mipira ya ndani. Ikiwa mafuta yako sawa lakini taa inawaka, chomoa plagi ya swichi ya chupa. Taa ikizima, kielea kimekwama au kimepasuka na kuzama. Wakati mwingine kugonga chupa taratibu kwa kidole kunatosha kukiinua. Kama taa huwaka tu unapokata kona au unapopanda kilima kisha ikazima, mafuta yamekaribia mstari wa chini na yanayumba ndani ya chupa.

Na ikiwa umechomoa vyote viwili na taa bado inawaka? Angalia taa ya betri iliyo jirani yake. Katika pikapu nyingi za Kijapani, altaneta ikianza kufa huwasha taa ya betri na ya breki kwa pamoja, hata kama breki ni nzima kabisa. Pikapu ya nyumbani kwetu ilitusumbua hivyo wiki mbili. Tulibadilisha mafuta ya breki, tukanunua swichi, tukalaumiana, na mwishowe gari likazima Ruiru usiku kwa kukosa moto. Betri ilikuwa imekauka muda wote huo.

Tuseme sasa mafuta yamepungua kweli. Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua chupa, hujaza, taa huzima, safari huendelea. Lakini mafuta ya breki hayachomeki kama petroli. Yakipungua, ama yanavuja au pedi zimekwisha. Pedi zinapoisha, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kujaza nafasi hiyo, kwa hivyo taa inakuwa inakuambia kuhusu pedi. Chungulia kati ya rimu kwa tochi: pedi ikibaki chini ya milimita 3, ibadilishwe. Ukiwa umeshajaza chupa kabla ya kubadilisha pedi, fundi akirudisha pistoni mafuta yatafurika juu ya rangi ya gari, na mafuta haya hula rangi. Yakimwagika, mwaga maji mengi papo hapo.

Pedi zikiwa nzima, tafuta unyevu: upande wa ndani wa kila tairi, kwenye paipu zinazopita chini ya bodi, na nyuma ya masta silinda. Tairi la nyuma likiwa limeloa kwa ndani, silinda ya drumu inavuja. Hiyo si kazi ya uani. Usiendeshe, hata kama ni hadi kwa fundi wa karibu, mwite aje.

Pedali nayo husema. Ikanyage kwa nguvu na uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole hadi chini, masta silinda imechoka au kuna mahali panavuja. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani ya mfumo. Kwa vyovyote vile gari hilo lisitoke.

Kuhusu mafuta yenyewe, soma maandishi kwenye kifuniko cha chupa. Pikapu nyingi za zamani hutumia DOT 3, na DOT 4 inaweza kutumika mahali pake. DOT 5 ni kitu kingine, imetengenezwa kwa silikoni, wala haichanganywi na hizi. Usitie mafuta ya injini, ya gia au ya usukani hata tone, maana yatavimbisha mipira yote ya mfumo na utalipa zaidi ya bei ya gurudumu jipya. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka jana pia iache. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na kiwango chake cha kuchemka hushuka: DOT 3 mpya hustahimili angalau nyuzi 205, lakini ikishalowa maji kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwenye mteremko mrefu na mzigo wa mawe ya Juja nyuma, tofauti hiyo ndiyo breki yako. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi.

Ukaguzi wa magari si kazi ya serikali ya kaunti bali ya NTSA, na magari ya biashara, pikapu zikiwemo, hukaguliwa kila mwaka. Hata hivyo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari la hatari barabarani siku yoyote, uwe na stika au usiwe nayo.

Mafuta ya zamani ukishayatoa, yatie kwenye chupa yenye kifuniko na kuiwekea alama, mbali na watoto kwa kuwa ni sumu, kisha umpelekee fundi mwenye pipa la kukusanyia mafuta machafu. Usiyamwage mtaroni. Mitaro ya Makongeni na ya Ruiru mjini huishia mitoni, na kuna watu wanaochota maji huko chini.