Kuota Jangwani: Halijoto kama Kalenda ya Mbegu

Utangulizi

Kitenzi "kuota" ni miongoni mwa vitenzi vinavyopendwa sana na walimu wa semantiki. Mbegu huota ardhini, aliyelala huota ndoto, na mzee huota moto jioni. Kamusi huzitenga maana hizo katika vidahizo mbalimbali, nasi hufunzwa kwamba hizo ni homonimi: umbo ni moja, maana hazihusiani. Makala haya hayakusudii kuupinga uainishaji huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba jangwani mambo hayo hukutana katika mbegu moja: hulala, huota joto la kiangazi, kisha ndipo huota.

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mbegu iliyofukiwa mchangani haiyaoni mawingu. Aghalabu hudhaniwa kwamba inachosubiri ni maji tu, na kwamba mvua yoyote itakayonyesha itaiamsha. La hasha! Mvua hubisha hodi. Halijoto ndiyo inayoamua iwapo mlango utafunguliwa.

Kwa nini maji hayatoshi

Mbegu ikishaota haiwezi kurejea katika ganda lake. Maji yakimwagika hayazoleki. Tutazame bonde la Death Valley, katika jangwa la Mojave nchini Marekani. Mvua ya mwaka mzima huko ni takriban milimita 55 tu. Ni huko pia ambako mnamo tarehe 10 Julai 1913 halijoto ya hewa ilipimwa ikawa nyuzi 56.7 za Selsiasi, kiwango ambacho hadi leo ndicho cha juu zaidi katika rekodi rasmi za dunia. Mmea unaohitaji miezi kadhaa ya ubaridi ili kukua na kuchanua, ukidanganyika na mvua ya radi ya Julai, utakauka kabla ya kutoa ua lolote. Kwa hivyo, mbegu haina budi kutambua kwamba kuna maji na, muhimu zaidi, kwamba hayo ni maji ya majira gani.

Udongo mmoja, bustani mbili

Jambo hili lilidhihirishwa katika miaka ya 1940 na Frits Went, mtaalamu wa mimea mzawa wa Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi California. Alichukua udongo wa juu kutoka jangwani, ukiwa na mbegu zake, akaunyeshea mvua ya kubuni katika vyumba vyenye viwango tofauti vya halijoto. Katika ubaridi wa takriban nyuzi 10, ilichipuka mimea ya majira ya baridi pekee. Katika nyuzi 26 hadi 30, ilichipuka ile ya kiangazi. Udongo ulikuwa uleule na maji yaleyale. Kilichotofautiana ni halijoto.

Yanayotendeka ndani ya mbegu

Mbegu inapofyonza maji, vimeng'enya vyake huanza kuvunjavunja chakula kilichohifadhiwa ili kukilisha kiinitete. Ubaridi mwingi huipunguza kasi ya kazi hiyo, na joto la kupindukia huviharibu vimeng'enya vyenyewe. Juu ya hayo, kuna homoni mbili zinazovutana: asidi ya absisiki, inayoiamuru mbegu iendelee kulala, na jiberelini, inayoihimiza iamke. Halijoto huuelemeza mzani huo upande mmoja au mwingine.

Ajabu ni kwamba mbegu nyingi za mimea ya majira ya baridi huhitaji kwanza kupitia joto kavu la kiangazi. Zinapodondoka majira ya kuchipua huwa katika usingizi mzito. Miezi ya joto huupunguza usingizi huo kidogo kidogo, hivi kwamba vuli inapofika ziko tayari. Zinasubiri tu maji na ubaridi. Joto huziandaa, ubaridi huziruhusu.

Kalenda inapovurugika

Katika jangwa jirani la Sonora, kwenye kilima cha Tumamoc mjini Tucson, Arizona, watafiti wamekuwa wakiihesabu mimea ya namna hii tangu mwaka 1982. Mnamo 2010 walichapisha matokeo yanayokwenda kinyume na matarajio. Jangwa limezidi kuwa na joto, lakini mimea inayostahimili baridi ndiyo iliyozidi kutamalaki. Sababu ni kwamba mvua za kuotesha zilichelewa, zikahama kutoka Oktoba hadi Disemba. Kwa hivyo mbegu zikaota katika siku za baridi zaidi, na spishi zilizozoea uvuguvugu zikapungua.

Hitimisho

Funzo ni kwamba tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi, haitoshi kuuliza joto litapanda kwa nyuzi ngapi. Yatupasa kuuliza pia kama joto na mvua vitaendelea kukutana katika miezi ambayo mbegu zimeizoea kwa maelfu ya miaka. Subira huvuta heri, na mbegu ya jangwani imejaliwa subira isiyo na kifani. Lakini subira hiyo imejengwa juu ya ahadi ya majira. Majira yakiivunja ahadi, mbegu itabaki imelala, au itaota siku isiyo yake.