Fundi TV baada ya chogo: kazi iko wapi Masasi na Newala?

Masasi na Newala si miji ya studio za televisheni. Huku biashara ya TV ni fundi mwenye kibanda jirani na stendi, mwenye banda umiza anayeonyesha mpira, muuza ving'amuzi na ungo, na kijana wa kamera anayezunguka kwenye harusi na sherehe za unyago. Ikisemwa kwamba TV hailipi tena, hao ndio wanaolala njaa. Wa banda umiza na wa kamera wana hadithi yao siku nyingine. Leo namshika fundi, maana yeye kazi ilimpungukia polepole hata hakupata nafasi ya kulalamika.

Tuanze na kilichompata. TV ya chogo, ile nene yenye mgongo uliochomoza nyuma, ilikuwa shamba la fundi. Ndani yake mlikuwa na transfoma inayopandisha umeme hadi volti 20,000 na zaidi ili kuwasha kioo, na joto la humo lilipasua viungo vya risasi, likakausha kapasita na kuunguza transista. Mteja akileta TV yenye mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo, fundi alijua kabla hajashika bisibisi: sehemu inayotandaza picha kwenda juu na chini imekufa, ama IC yake imeungua ama kiungo kimeachia. Spea ilikuwa ya bei ndogo na kazi haikumaliza asubuhi. Mteja alilipia ujuzi, na TV hiyohiyo ilirudi tena mwaka uliofuata na ugonjwa mwingine.

Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na mikoa ikafuata kwa awamu. Makubaliano ya kimataifa yalikuwa yameweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuhama. Chogo halikufa siku ile, kwa sababu king'amuzi kilichochomekwa nyuma yake kwa waya kilifanya kazi vizuri tu. Lakini mtu aliyelazimika kutoa hela ya king'amuzi alianza kujiuliza kwa nini asiongeze kidogo anunue TV bapa, ile mafundi wanayoiita flati. Flati zikazidi kushuka bei, na chogo likahamia uvunguni.

Flati kwa fundi ni kitu kingine. Kuna kioo, kuna bodi ya umeme, kuna bodi kuu, na mara nyingi kibodi kidogo kinachogawa picha kwenye kioo. Kioo kikipasuka, bei yake inakaribia TV nzima, kwa hiyo hakuna anayetengeneza. Bodi kuu ikifa, unaagiza nyingine Kariakoo, inakuja kwa basi, unaifunga. Faida imebaki kwa aliyekuuzia bodi. Kilichobaki cha ujuzi ni taa za nyuma: TV inatoa sauti lakini kioo ni giza. Mulika tochi karibu na kioo. Ukiona picha hafifu inatembea, kioo ni kizima, shida ni taa au saketi inayoziwasha. Taa hizo zimefungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zinazimika. Kazi hiyo inalipa, ila haitoshi kulisha kibanda mwaka mzima.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi kwa sababu hawalioni. Katika miaka yote ya chogo, ugonjwa waliouguza kuliko mwingine wowote haukuwa wa picha, ulikuwa wa umeme. Saketi inayochukua umeme wa ukutani, kuukatakata kwa kasi na kuushusha hadi volti ndogo iliyotulia ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye king'amuzi, chaja ya betri, taa ya LED na flati yenyewe. Dalili zake ni zilezile: kapasita iliyovimba kichwa, fyuzi iliyoungua ikawa nyeusi, diodi iliyoshikana. Na huku kwetu saketi hizo haziishi kuugua. Mikoa ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa. Mtambo ukiyumba, umeme unakatika, kisha unarudi kwa kishindo. Kishindo hicho ni mlo wa fundi, kama anajua kukipokea.

Wengi waliohama wamekimbilia simu. Sina ugomvi na simu, lakini ni soko lililojaa. Kila kona ya Masasi pana kijana mwenye meza ya kioo na bisibisi ndogo, na kazi kubwa ni kubadilisha vioo, yaani ugonjwa uleule wa flati: faida kwa muuza spea. Fundi wa miaka ishirini ya chogo akienda huko anaanza upya nyuma ya kijana wa miaka ishirini.

Afadhali mota. Vijiji vilivyofikiwa na umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) sasa vina mashine za kusaga na kukoboa zinazoendeshwa na mota, na kusuka mota ni kazi ambayo waijuao wanahesabika. Tuchukue mota ndogo ya fezi moja. Inaletwa ikiunguruma bila kuzunguka. Vua mkanda kwanza, washa, sukuma puli kwa kijiti: ikianza kuzunguka, waya mkuu wa ndani ni mzima, na mara nyingi kapasita ya kuanzishia ndiyo imekufa. Fundi TV ameshika kapasita maisha yake yote. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Mota ya fezi tatu ikiungua, mara nyingi fezi moja ilikatika na mota ikaendelea kulazimishwa kwa mbili zilizobaki. Anayesuka upya bila kuuliza hilo ataiona mota ileile wiki mbili baadaye, na mwenye mashine akiwa na hasira. Anayesuka kisha akafunga kinga ya kukata umeme fezi ikikosekana anauza kazi mbili kwa safari moja. Hesabu ya mizunguko ya waya, unene wake, karatasi ya kukinga na vanishi hujifunzwa kwa kukaa na msukaji mwenye uzoefu. Usianzie kwenye mota ya mtu.

Uwanda wa Makonde una sababu nyingine ya kuhitaji watu wa mota. Juu kule Newala mvua inanyesha lakini maji yanazama mchangani, hakuna mto wa kuchota. Mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka chini, Mitema, hadi juu ya uwanda, na tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianze mwaka 2019 vyombo vya watumia maji vijijini vinasimamia pampu zao, nyingine za sola. Pampu ikisimama, kijiji kizima kinajua siku hiyohiyo. Mara nyingi kilichosimama ni boksi la kuendeshea, wala si pampu iliyo chini ya kisima. Humo mna relei, fyuzi na bodi ndogo ambayo fundi TV angeisoma bila kuchorewa.

Sola nayo imejaa malalamiko ambayo dawa yake ni hesabu. Mtu ana TV ya wati 40, anaiangalia kwa saa tano kila usiku. Hiyo ni wati-saa 200. Betri ya volti 12, ampea-saa 50, ina wati-saa 600, lakini ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo unazo 300 salama. Inatosha kwa TV. Akiongeza taa, redio na simu za jirani wanaokuja kuchaji, haitoshi, na atasema sola ni mbovu. Pima betri ikiwa imepumzika: ikisoma volti 12.6 imejaa, ikisoma 11.8 imeshanyonywa. Fundi anayekaa na mteja na kalamu kabla ya kuuza waya hatapata kesi.

Haya yote hufuata kalenda ya korosho, apende fundi asipende. Kuanzia Juni mikorosho inapotoa maua, wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, na mashine za kupulizia zinagoma shambani kwa plagi chafu na koili ya moto iliyochoka. Koili hiyo ni transfoma ya kupandisha volti, ndugu wa ile ya kwenye chogo. Oktoba minada inaanza, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie mwaka 2007 fedha zinamfikia mkulima baada ya mnada. Hapo ndipo flati, sola na friji hununuliwa. Mwaka ambao malipo yanachelewa, kibanda cha fundi nacho kinachelewa: waliokuwepo msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuzisomba, wanajua subira ile. Kwa hiyo spea za koili na plagi ziagizwe Mei, za sola Septemba, na Februari hadi Aprili, fedha zikiwa zimeisha vijijini, ndiyo miezi ya kwenda kujifunza kusuka mota.

Kuna mlango mmoja usifungue bila karatasi. Mizani ya kidijitali imeingia kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), na ikigoma mtu atakuletea. Chaja yake tengeneza. Mizani yenyewe ina lakiri ya Wakala wa Vipimo. Kuikata bila leseni ya wakala huo ni kosa la jinai, na katika msimu wa korosho mizani iliyoguswa ni ugomvi wa chama kizima. Vivyo hivyo kufunga umeme na sola kwenye majengo kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, yenye madaraja kulingana na kazi.

Wengi wanaishia hapo kwa kuwa hawana cheti, walijifunzia kwa mzee fulani enzi za redio za mbao. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa kwa vitendo mbele ya wapimaji, pengo likionekana unafundishwa lile tu, kisha unapewa cheti. Ulizia VETA Mtwara, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi waelekeze. Nenda na kazi zako mkononi, zikiwemo zilizokushinda; mpimaji mzuri huuliza hizo kwanza.

Na kibao cha mlangoni. "Fundi TV na Redio" kiache, ndicho watu wanachokujua nacho, ila chini yake andika mota, pampu, sola na mashine za salfa. Mama mwenye mashine ya kusaga kule Kitangari hawezi kukisia kwamba uliyemtengenezea TV ndiye unayeweza kuitazama mota yake.