Mwigizaji Aliyekataa Kubadili Mwisho

Tarehe 18 Novemba, 2021, tamthilia iitwayo Trouble in Mind ilifunguliwa rasmi Broadway, kwenye majumba makubwa ya michezo ya kuigiza mjini New York. Mtunzi wake, Bibi Alice Childress, hakuwapo. Alifariki dunia mwaka 1994. Na mchezo wenyewe haukuwa mpya, kwani ulikwisha kuonyeshwa katika ukumbi mdogo mjini humo humo mwaka 1955. Ni kadhia gani basi iliyouchelewesha kwa miaka 66?

Bibi Childress alizaliwa Charleston, jimbo la South Carolina, akalelewa na bibi yake huko Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Alijiunga na American Negro Theatre, kikundi kilichoanzishwa Harlem mwaka 1940, na mwaka 1944 akapanda jukwaa la Broadway katika Anna Lucasta, mchezo ulioonyeshwa zaidi ya mara 900. Sifa hizo hazikumlisha. Ilimbidi pia kufanya kazi za ndani na za dukani ili apate riziki. Isitoshe, rangi yake ilikuwa maji ya kunde, na wagawaji wa sehemu walimwona hafanani na mtu mweusi waliyemtaka wao. Sehemu zenyewe aghalabu zilikuwa za mtumishi wa kushika sinia na kuitikia "ndiyo, bwana".

Ndipo aliposhika kalamu. Katika Florence, mchezo wake mfupi wa mwaka 1949, mama mmoja mweusi wa majimbo ya Kusini anangoja treni katika chumba kilichogawanywa kwa uzio, weupe huku na weusi kule. Anakwenda New York kumrejesha bintiye aliyekosa kazi ya uigizaji. Bibi mmoja wa Kizungu anajitolea kumsaidia binti huyo, kumbe msaada wenyewe ni kumtafutia kazi ya utumishi wa nyumbani! Mama anaghairi safari, na fedha za nauli anampelekea bintiye ili aendelee kujaribu. Mwaka 1952 ukafuata Gold Through the Trees, uliogusia pia mapambano ya Waafrika wa Afrika Kusini.

Katika Trouble in Mind, mwigizaji mweusi wa makamo, Wiletta Mayer, anafanya mazoezi ya mchezo ulioandikwa na Mzungu kulaani mauaji ya watu weusi. Anatakiwa aigize mama anayemhimiza mwanawe ajisalimishe, naye akauawe. Wiletta anauliza: mama gani atafanya hivyo? Mwongozaji, anayejiita rafiki wa watu weusi, hana jibu.

Wenye ukumbi wa mwaka 1955 walitaka mwisho wa suluhu, naye akakubali, baadaye alijutia. Mipango ya kuupeleka Broadway mwaka 1957 ilipokuja na madai ya mabadiliko zaidi, alikataa, na mipango ikavunjika. Mwaka 1959 Lorraine Hansberry akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuonyeshewa tamthilia yake Broadway. Heshima hiyo ingaliweza kuwa ya Bibi Childress. Wako watakaomwita mkaidi. Sisi hatuafiki. Wenye dhamana ya kupitisha michezo, popote walipo, hupenda kusema kwamba wanagusa maneno machache tu. Katika mchezo huu maneno hayo machache ndiyo yaliyokuwa kisa chenyewe.

Hakupewa raha hata baadaye. Wedding Band, tamthilia yake juu ya mapenzi ya mwanamke mweusi na mwanamume mweupe, ilipotangazwa katika televisheni mwaka 1974, baadhi ya vituo vilikataa kuionyesha. Riwaya yake ya vijana ya mwaka 1973 ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoondolewa katika maktaba za shule za wilaya moja ya jimbo la New York, na shauri la vitabu hivyo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982. Ama Trouble in Mind, ilipochapwa, Bibi Childress aliurudisha mwisho alioutaka yeye.