Ukumbusho ku ukuta ya salo

Bibi na bwana wakiingia mu nyumba yao ya kwanza, kule Katuba ao Kenya, wanatafuta viti na rido. Na ukuta je? Mu miaka ya 1970 watu wa Lubumbashi walitundika tablo: mamba muntu, Colonie belge. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu hivyo. Waliita ile ukumbusho: mugeni anauliza, mwenye nyumba anaelezea. Maua ya plastiki inangaa, sawa, lakini haina habari. Mu 2003 watumishi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines. Kama tata alirudia na kofia yake ya kazi, musiiache mu sanduku. Itundikeni fasi wageni wanaikala, angali anaweza kuwaelezea watoto.